Land Cruiser HZJ75 iliyoinuliwa: kardani ya nyuma inatetemeka na sili ya pinioni inavuja

Msafiri wa Mwenga, Bukavu

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Nina Land Cruiser HZJ75 ya mwaka 1994, yenye injini ya 1HZ na springi za mabamba mbele na nyuma, na mara mbili kwa mwezi huipeleka Kamituga kwa kupitia Walungu, Burhale na Mwenga. Anayeijua njia hiyo wakati wa mvua hahitaji kuelezwa mengi. Malori yenye magurudumu pacha huchimba mifereji miwili inayomfikia mtu magotini, na gari kama langu likitumbukia humo, magurudumu huzunguka bure huku difu, yaani bonge la gia lililo katikati ya ekseli, ikiwa imekalia tuta la katikati kama kuku juu ya mayai.

Kwa sababu hiyo, miezi mitatu iliyopita niliamua kuliinua gari. Mbele tuliongeza bamba moja kila upande. Nyuma tuliongeza bamba moja nene, kisha tukabadilisha jumeli, yaani vile viungo vinavyoning'iniza ncha ya nyuma ya springi kwenye chesisi, tukaweka nyingine zilizo ndefu zaidi kwa sentimita 10. Nilipopima kutoka ukingo wa fenda hadi kitovu cha gurudumu, nyuma palikuwa pamepanda sentimita 10 na mbele sentimita 5. Kardani, yaani bomba linalozunguka kupeleka nguvu kwenye difu, haikuguswa, kwa kuwa fundi aliniambia kwamba ingejirekebisha yenyewe.

Tangu siku hiyo nimepata matatizo matatu. Kwanza, kuanzia kilomita 50 hadi 65 kwa saa kuna mvumo unaotoka chini ya sakafu, ambao hubadilika kidogo ninapoondoa mguu kwenye mafuta. Pili, kila ninapoondoka kwa gia ya kwanza husikia mgoto mmoja wa chuma. Tatu, sili ya pinioni ya nyuma, yaani mpira unaozuia mafuta pale kardani inapoungana na gia ya kuingilia difu, inavuja, na hii iliyopo sasa ni ya pili tangu gari liinuliwe.

Nimewaona mafundi watatu nikapata majibu matatu. Wa kwanza anasema kardani imekuwa fupi, ikatwe na kurefushwa. Wa pili anasema misalaba yake, yaani viungo vya kupinda vya ncha mbili za kardani, imekufa, niweke mipya. Wa tatu anataka niagize kutoka nje kardani yenye kiungo maradufu, kwa fedha ambazo zingenitosha kununua matairi manne. Kabla sijatoa chochote mfukoni, naomba mnieleze ni nini hasa hubadilika kwenye kardani gari linapoinuliwa, na nianzie wapi.

Fundi wa Kadutu, Bukavu

Ndugu Msafiri, huenda wote watatu wana sehemu ya ukweli, lakini katika maelezo yako sijaona mahali ambapo hata mmoja wao alilala chini ya gari akapima. Tuanzie hapo.

Msalaba wa kardani unapofanya kazi ukiwa umepinda, bomba la upande wa pili halizunguki kwa mwendo mmoja. Katika kila mzunguko huharakisha mara mbili na kupunguza mara mbili. Pembe ikiwa digrii 10, mwendo huo hupanda na kushuka kwa karibu asilimia 1.5, na pembe ikifika digrii 20 inakuwa karibu asilimia 6, kwa hiyo pembe ikiongezeka maradufu, usumbufu unaongezeka mara nne. Watengenezaji wanalijua jambo hilo tangu zamani, na dawa yao ni kuweka misalaba miwili, ili ule wa kwenye difu unyooshe kile ambacho ule wa kwenye transfa, yaani sanduku la gia linalogawa nguvu mbele na nyuma, umekipotosha. Dawa hiyo hufanya kazi kwa masharti mawili: pembe ya msalaba wa mbele iwe sawa na ya msalaba wa nyuma, na uma za ncha mbili za bomba, yaani vishikio vya misalaba, zikae katika mstari mmoja. Pembe huwa sawa pale ambapo mhimili unaotoka kwenye transfa na mhimili wa pinioni viko sambamba, hata kama kimoja kiko juu sana kuliko kingine.

Sasa fikiria ulichofanya. Bamba ulilolizidisha limeishusha difu moja kwa moja kutoka kwenye chesisi, na pembe zote mbili zimekua kwa kiasi kilekile, jambo ambalo kardani huvumilia ikiwa halikuzidi. Jumeli ndefu ni habari nyingine kabisa. Ncha ya nyuma ya springi ikishuka sentimita 10, springi nzima huzunguka kwenye jicho lake la mbele, na difu iliyofungwa juu yake huzunguka pamoja nayo, pua ikitazama juu. Kwa springi yenye urefu wa karibu sentimita 120, mzunguko huo ni kama digrii 5. Hapo usambamba umevunjika, na msalaba wa nyuma hauwezi tena kufuta makosa ya ule wa mbele. Kumbuka pia kwamba katika hizo sentimita 10 za jumeli, gari lenyewe limepanda nusu tu, kwa sababu ekseli iko katikati ya springi. Yaani umelipa bei ya digrii 5 ukapata sentimita 5.

Mvumo wako nao unasema jambo hilohilo. Ukiwa na matairi ya 7.50R16, ambayo mzingo wake ni karibu mita 2.5, na difu ya 4.11, yaani kardani huzunguka mara 4.11 gurudumu likizunguka mara moja, kwenye kilomita 60 kwa saa kardani inazunguka kama mara 1,640 kwa dakika. Kosa la pembe hupiga mara mbili kwa kila mzunguko, kwa hiyo ni kama mapigo 55 kwa sekunde, na mapigo ya namna hiyo sikio huyasikia kama ngurumo nzito. Kardani ambayo uzito wake hauko sawa hupiga mara moja tu kwa mzunguko, na mtetemo wake huhisiwa zaidi kitini kuliko kusikika. Si kipimo cha maabara, lakini kimenisaidia mara nyingi.

Kabla ya kununua chochote, fanya haya. Kwanza tazama uma za ncha mbili za bomba. Ikiwa aliyeinua gari aliitenganisha sehemu ya kuteleza yenye meno, ile inayoiacha kardani irefuke na kufupika, ili apitishe springi, kisha akairudisha ikiwa imeruka jino moja au mawili, mtetemo wote unaweza kuwa umetoka hapo, na matengenezo yake hayagharimu kitu. Ukiona ziko sawa, fungua kardani ya nyuma, funga habu za mbele zinazounganisha magurudumu na ekseli yake, ingiza gia ya magurudumu manne ya mwendo wa kawaida, uliendeshe gari kwa magurudumu ya mbele peke yake hadi kilomita 60 kwa saa kwenye barabara iliyonyooka. Mvumo ukitoweka, mkosaji ni kardani ya nyuma au kile kilichounganishwa nayo. Uwe mwangalifu kwa jambo moja ambalo kwa miteremko yetu ya Kadutu si dogo: kardani ya nyuma ikiwa chini, gia haishiki tena magurudumu ya nyuma, kwa hiyo weka mawe kwenye magurudumu kabla hujafungua bolti ya kwanza.

Kisha pima. Gari liwe mahali tambarare, likiwa na mzigo wako wa kawaida. Simu yenye programu ya pima maji inatosha. Iweke kwenye uso wa flanji ya transfa, yaani sahani inayofungiwa kardani kwa bolti, halafu juu ya bomba, halafu kwenye flanji ya pinioni, uandike namba zote tatu ukituletea hapa.

Bibi Usukani, Goma

Mimi ni mwendeshaji, si fundi, lakini nimemaliza miaka 11 nikipita juu ya makoro ya huku kwetu, yaani lava iliyopoa, kwa Land Cruiser ya mabamba, na kuna jambo ambalo naona limerukwa. Ndugu yangu wa Bukavu, ulisema uliinua gari kwa sababu difu ilikuwa inakalia tuta. Je, baada ya kuliinua, umepima kutoka chini ya difu hadi ardhini?

Nakuuliza kwa sababu nami nilikosea hivyohivyo. Katika gari la ekseli nzima, difu haikubebwa na springi bali imebebwa na magurudumu. Ukiweka springi ndefu, chesisi, tangi la mafuta na vikanyagio vya kupandia garini hupanda, lakini difu hubaki palepale ilipokuwa siku gari lilipotoka kiwandani. Kitu pekee kinachoinua difu ni tairi lenye kipenyo kikubwa zaidi, na hapo pia unapata nusu tu ya kile ulichoongeza. Tairi la 7.50R16 lina kipenyo cha karibu sentimita 80. Wengi hubadilisha wakaweka 235/85R16 wakidhani wamepanda, kumbe nalo lina sentimita 80 na ushei, basi wamebadilisha upana tu. Ukiweka 285/75R16, kipenyo chake ni kama sentimita 83, na difu itapanda chini ya sentimita 2. Ukitafuta 9.00R16 utapata kama sentimita 89, yaani difu ipande sentimita 4 hivi, lakini tairi hilo ni zito, linataka nafasi ndani ya fenda, na utaona gia ya tano imekuwa pambo.

Sisemi kwamba kuinua hakuna faida. Kwenye makoro yetu, yaliyobaki na ncha kama misumari, kuinua chesisi kumeniokolea vikanyagio na tangi mara nyingi, na tairi kubwa haliwezi kuingia bila nafasi hiyo. Ila uhesabu vizuri kile ulichokitafuta na kile ulichokipata, kwa sababu huenda sehemu kubwa ya shida yako imetoka kwenye sentimita ambazo hazikusaidii chochote kwenye mfereji.

Kuhusu fundi wako anayetaka kurefusha bomba, nakuonya kwa yaliyonipata. Miaka kadhaa iliyopita nilimpa fundi mmoja wa hapa kardani yangu ya mbele airefushe sentimita 3. Aliikata bomba katikati, akaingiza kipande cha bomba jingine ndani, akachomelea pande mbili. Ilionekana imara, na kweli iliondoka garajini bila kelele. Wiki mbili baadaye, nikiwa nimefunga habu ili nipande kilima upande wa Sake, bomba lilikatika kando ya weldi, ncha ikashuka ikawa inapiga sakafu na kila kilicho karibu, ikararua bomba la breki. Nilisimama kwa kuegemea ukuta wa udongo. Tangu siku hiyo, kardani zangu zote zina mkanda wa chuma uliofungwa kwenye chesisi karibu na ncha ya upande wa transfa, ili ikikatika isianguke ardhini na kuliinua gari kama mti wa kuruka juu.

Katanga Mwendo Pole, Lubumbashi

Natoka upande wa Defender 110, na huku ninakokaa huenda nalo sana Kasenga, kwa hiyo niwaeleze tulichojifunza kwenye magari ambayo kardani zote mbili huzunguka wakati wote. Kwenye HZJ75 ukifungua habu, kardani ya mbele hupumzika, na dereva anaweza kuishi miaka na pembe mbaya ya mbele bila kujua. Kwetu hakuna pumziko, na ndiyo maana wenye Defender na wenye Land Cruiser 80 za magurudumu manne ya kudumu hulalamika zaidi kuhusu kardani ya mbele pindi wanapoinua.

Huko mbele kuna mvutano ambao springi za koili huuonyesha waziwazi. Ukiinua gari, mikono inayoshika ekseli huizungusha, usukani unapoteza ule mwinamo unaourudisha katikati, gari likaanza kutangatanga barabarani. Unaweka bushi za kurekebisha ili usukani urudi, na zinaposawazisha usukani zinaishusha pua ya difu, ambayo nayo inaharibu pembe ya kardani. Huwezi kuviridhisha vyote viwili kwa chombo kilekile. Hapo ndipo kiungo maradufu kinapopata kazi yake halali: upande wa transfa unawekewa misalaba miwili iliyoshikana, yenye kitovu kati yake, ambayo inasawazishana yenyewe kwa yenyewe, na upande wa difu unabaki msalaba mmoja.

Lakini Ndugu Msafiri, sikiliza vizuri kabla hujaagiza. Kardani ya namna hiyo haitaki transfa na pinioni viwe sambamba. Inataka pinioni itazame moja kwa moja kwenye transfa, ili ule msalaba mmoja wa nyuma uwe karibu kunyooka, ukibakiwa na digrii 1 au 2 tu. Zile digrii zina maana, kwa sababu ndani ya vikombe vya msalaba kuna sindano ambazo lazima ziviringike kidogo. Msalaba ulionyooka kabisa hupigwa mahali pamoja hadi sindano zichore mistari kwenye chuma. Ukiinunua kardani hiyo ukaifunga kwenye difu uliyoiacha sambamba, utakuwa umehamisha ugonjwa kutoka mbele kwenda nyuma. Na kiungo chenyewe kina kitovu kinachotaka grisi ya mara kwa mara, ambacho matope ya Kamituga hayatakihurumia. Mimi binafsi ninacho, na kila nikirudi Kasenga lazima nilale chini na bomba la grisi.

Msafiri wa Mwenga, Bukavu

Nawashukuru sana, na Mama wa Goma amenifanya nicheke kwa uchungu. Nimepima: chini ya difu kuna urefu uleule niliokuwa nimeuandika kwenye daftari kabla ya kuliinua gari. Hakuna hata milimita tano zilizoongezeka.

Haya ndiyo matokeo mengine. Uma za bomba ziko katika mstari mmoja, kwa hiyo jino halikurukwa. Nilipoiondoa kardani ya nyuma na kuendesha kwa magurudumu ya mbele hadi kilomita 60 kwa saa, gari lilikuwa tulivu kabisa. Flanji ya transfa imeinama digrii 3 kuelekea nyuma. Bomba la kardani linashuka digrii 10. Pinioni inatazama juu digrii 8. Urefu wa kardani kutoka msalaba hadi msalaba ni karibu sentimita 116. Niliposhika msalaba wa nyuma kwa mkono nilihisi kuna mchezo mdogo, na ule wa mbele uko imara. Sehemu ya kuteleza ina mkwaruzo mpya unaoonyesha kwamba inafanya kazi ikiwa imevutwa nje zaidi ya zamani.

Fundi wa Kadutu, Bukavu

Namba zako zimesema kila kitu. Toa 3 kwenye 10, msalaba wa mbele unafanya kazi kwa digrii 7. Toa 8 kwenye 10, msalaba wa nyuma unafanya kazi kwa digrii 2. Msalaba wa nyuma hauna pembe ya kutosha ya kufuta kile kinachofanywa na ule wa mbele, na kinachobaki ni karibu sawa na kuendesha gari kwa msalaba mmoja pekee uliopinda kama digrii 6.7. Huo ndio mvumo wako, na ndio unaotikisa pinioni hadi sili inavuja. Kama beringi za pinioni zimeanza kuwa na mchezo, sili ya tatu nayo itavuja, kwa hiyo shika flanji uitikise juu na chini kabla hujanunua nyingine.

Una njia mbili za maana. Ya kwanza ni kubaki na urefu huo na kuweka kabari za chuma za digrii 5 kati ya springi na kiti cha ekseli, ili pinioni irudi kwenye digrii 3 na misalaba yote miwili ifanye kazi kwa digrii 7. Kabari ziwe za chuma, si za alumini, kwa kuwa alumini huvunjika ikigongwagongwa na mabamba. Bolti ya katikati ya springi iwe ndefu zaidi ili kichwa chake kiingie kwenye tundu la kiti, na zile bolti za umbo la U zikazwe tena baada ya kilomita mia chache. Upande upi uwe mnene usikisie: zifunge kwa kulegeza, shusha gari, pima pinioni, ukiona imeenda juu zaidi ujue umezigeuza.

Njia ya pili, ambayo mimi ningeichagua, ni kuziondoa zile jumeli ndefu na kurudisha za kiwandani. Utapoteza sentimita 5 ambazo Mama Bibi Usukani amekwisha kukuonyesha kwamba hazikuinua difu yako. Pinioni itarudi yenyewe kwenye digrii 3, bomba litashuka kama digrii 7 badala ya 10, na misalaba yote miwili itafanya kazi kwa kama digrii 4, bila kabari yoyote. Jumeli ndefu zina kosa jingine pia: gari likiwa na mzigo kwenye mteremko wa upande, huyumba kama mlevi.

Sasa kuhusu urefu wa bomba, kwa sababu hapo watu hudanganyana sana. Hesabu ni ya pembetatu tu. Kwa umbali wa mlalo wa sentimita 115 na tofauti ya kimo ya sentimita 10, kardani inahitaji kama sentimita 115.4. Tofauti ikiwa sentimita 15, inahitaji kama 116. Ikiwa 20, inahitaji 116.7. Yaani kuinua kwa sentimita 5 kumekuomba nusu sentimita, na kuinua kwa sentimita 10 kumekuomba kama sentimita 1.3, ambazo sehemu ya kuteleza kwa kawaida huweza kuzitoa. Kwenye gari fupi hesabu ni kali zaidi. Mwenye kardani ya sentimita 60 akiinua sentimita 10 anaweza kuongeza karibu digrii 9, na huyo ndiye anayestahili kuzungumza habari za kukata na kurefusha.

Hata hivyo usiamini hesabu yangu kuliko jeki yako. Inua chesisi ya nyuma hadi magurudumu yaning'inie, uone ni kiasi gani cha meno kimebaki ndani ya uma. Mkwaruzo mpya uliouona ni dalili njema ya kukuongoza, kwani unaonyesha mahali meno yanapokaa siku hizi. Kisha lipakie gari mzigo mzito kabisa unaoubeba, uone kama sehemu hiyo bado ina nafasi ya kuingia ndani, maana kardani ikigonga mwisho husukuma beringi za transfa. Na usijaze grisi kupita kiasi katika sehemu ya kuteleza: ikijaa, grisi haina pa kwenda, na kardani inakuwa kama pampu inayosukuma pande zote mbili.

Ikitokea meno yaliyobaki ni machache, ongeza kipande cha chuma kilichokerezwa kati ya flanji ya kardani na flanji ya pinioni, cha sentimita 1 au 2, kwa bolti ndefu zaidi za daraja la 10.9. Kipande hicho kinatatua urefu tu, pembe hakiigusi. Na anayelazimika kurefusha kweli aepuke kile kilichompata Mama. Bomba la zamani linaondolewa lote, jipya la unene uleule linakatwa kwa urefu kamili kutoka uma hadi uma, linafungwa kwenye mashine ya kukerezea, uma zikiwa zimepangwa katika mstari mmoja kabla ya tone la kwanza la weldi, kisha linapimwa kwa saa ya kupimia kama limenyooka. Baadaye kardani isawazishwe. Pasipo mashine ya kusawazisha, wazee wetu walitumia vibano viwili vya bomba la maji, vya kukaza kwa skrubu: unavifunga kwenye kardani, unaendesha, unavizungusha kidogo, unaendesha tena, hadi mtetemo upungue. Inachosha, lakini inafanya kazi.

Msalaba wa nyuma wenye mchezo ubadilishe sasa, kwa sababu ndio chanzo cha ule mgoto wa kuondokea, pamoja na kulegea kwa meno ikiwa kupo.

Katanga Mwendo Pole, Lubumbashi

Nakubaliana na Mzee Fundi, isipokuwa kwenye kabari. Kwa anayebeba mizigo mizito kwenye mifereji, mimi nisingeziweka kabisa, hata za chuma, nikiwa na njia nyingine. Ni kipande kimoja zaidi cha kulegea mahali ambapo hakuna anayetazama. Pia kuna wanaoshusha transfa kwa kuweka vipande chini ya kiunzi chake ili pembe ipungue. Kwenye gari la mtu anayelalamikia tuta la katikati, kuishusha transfa ni kurudisha kwa mkono wa kushoto kile ulichotoa kwa mkono wa kulia.

Msafiri wa Mwenga, Bukavu

Narudi kuwaambia nilichofanya. Niliziondoa jumeli ndefu, nikabaki na bamba lile la ziada peke yake. Msalaba wa nyuma umebadilishwa, na kwa kuwa beringi ya nje ya pinioni ilikuwa imeanza kulia, tuliibadilisha pamoja na sili. Vipimo vipya: transfa digrii 3, bomba digrii 7 na nusu, pinioni digrii 3. Nimeenda Kamituga na kurudi. Mvumo haupo hadi kilomita 80 kwa saa, ambao ndio mwendo wangu wa juu kwenye sehemu chache zinazoruhusu, na chini ya difu pako pakavu. Mgoto umebaki kidogo sana, nadhani ni meno.

Kwenye mifereji bado difu inakalia tuta, kama Mama alivyosema. Nimeanza kuulizia bei ya 285/75R16, na wakati huohuo nimenunua koleo lenye mpini mfupi linaloingia vizuri chini ya gari.

Bibi Usukani, Goma

Koleo ni ununuzi bora kuliko jumeli. Kabla hujasahau, tazama kama gari lako lina ile fimbo inayounganisha ekseli ya nyuma na valvu ya breki kwenye chesisi. Gari likiinuliwa, fimbo hiyo hudhani kwamba gari halina mzigo, ikapunguza breki za nyuma, na kwenye miteremko ya kutoka Burhale kuja Walungu utaihitaji kila tone ya breki uliyonayo. Inarekebishwa kwa kuilegeza kokwa na kuisogeza, kazi ya nusu saa.

Msafiri wa Mwenga, Bukavu

Ipo, na haikurekebishwa. Kesho asubuhi gari linarudi kwenye shimo la garaji.